Mume yuko Muscat, mke yuko Tanga: yanayosemwa kuhusu talaka na sheria inavyosema

"Subiri arudi. Baraza haliwezi kukaa na mtu mmoja." Wengi ambao wenzi wao wako Muscat, Dubai au Uingereza wameambiwa hivyo, wakasubiri mpaka wakachoka. Maneno haya huaminika kwa sababu yana chembe ya ukweli. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza lithibitishe kuwa limeshindwa kuwapatanisha, ndipo shauri la talaka lifunguliwe mahakamani. Lakini kifungu hichohicho, cha 101, kimeacha milango. Kama mwenzako anaishi nje ya nchi na hakuna dalili kwamba ataingia nchini ndani ya miezi sita tangu ufungue shauri, hulazimiki kupita barazani. Vivyo hivyo kama alikutelekeza na hujui aliko, au aliitwa na baraza akakataa kufika kwa makusudi.

Ninachowasihi watu ni kuliandika jambo hili waziwazi katika maombi yao: aliondoka lini, anafanya kazi wapi, mara ya mwisho alikuja lini. Usipoeleza kwa nini huna hati ya baraza, shauri linaweza kuondolewa kabla halijasikilizwa. Na kuruka baraza si kumficha mwenzako. Wito wa mahakama lazima umfikie naye apate nafasi ya kujibu.

Wengine husema: "Hatujaonana miaka mitano, ndoa imeshakufa." Ndoa haifi yenyewe. Kutelekezwa kwa makusudi, au kutengana kwa hiari, kwa angalau miaka mitatu ni ushahidi wa kumwonyesha hakimu kwamba ndoa imevunjika, na hakimu ndiye anayeamua. Tena umbali peke yake si kutelekeza: aliyeko Qatar kwa kazi, anapiga simu na kutuma matumizi kila mwezi, hajamtelekeza mtu. Mwanamke akiolewa tena kabla ya amri ya mahakama, ndoa hiyo ya pili ni batili.

Talaka ya WhatsApp je? Kama imeswihi kidini, hilo ni la masheikh. Kwa serikali ya Bara, ujumbe ule haumalizi kazi, lakini una uzito: ndoa ikiwa ya Kiislamu, baraza likishindwa kusuluhisha, na tendo la kuivunja kwa sheria ya Kiislamu likathibitishwa, mahakama hutoa talaka. Usiufute. Zanzibar ni habari nyingine. Huko Waislamu huenda Mahakama ya Kadhi.

Talaka iliyotolewa na mahakama ya nje nayo si karatasi tupu. Hutambuliwa hapa ikiwa, kwa mfano, mmoja wenu alikuwa ameishi katika nchi hiyo angalau miaka miwili kabla ya kufungua shauri.

Dhana inayoniuma kuliko zote ni hii: "Nyumba ni ya aliyetuma pesa." Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe akazitumia vibaya, lakini msingi alioacha unawabeba wengine hadi leo. Sasa mfikirie mke aliyebaki Tanga: amelea watoto, amesimama juani na mafundi, amehesabu mifuko ya saruji na kumtumia mumewe picha za kila hatua. Huo ni mchango, ila mahakamani hauonekani bila ushahidi. Risiti za saruji, miamala ya simu, zile picha, jina la fundi: viwekwe pamoja mapema, wakati bado mnaelewana.