Nondo wa Picasso si picha ya kompyuta

Picha ya mdudu huyu ikisambaa mitandaoni, utasikia tu: "Hiyo imechorwa na kompyuta." Hapana, jamani. Nondo huyu, Baorisa hieroglyphica, yuko hai kabisa huko India na Malaysia, na ile mistari myeusi inayokatiza mabaka ya rangi kali amezaliwa nayo. Mtaalamu wa wadudu Frederic Moore alimpa jina hilo la kisayansi mwaka 1882 kwa kukumbuka hieroglifu, maandishi ya picha ya Misri ya kale. Picasso mwenyewe, yule mchoraji maarufu, alikuwa bado mtoto mchanga!

Mguse nondo yeyote anayezunguka taa ya barazani kwako. Vumbi linalobaki vidoleni ni magamba madogo mno, yaliyopangana bawani kama vigae vya paa, kila gamba na rangi yake. Mchoro wote umejengwa hivyo.