Nasibu katika gemu: asilimia hupikwaje?

Upanga unaodondoshwa na adui mmoja kati ya mia, mshale unaokosa shabaha ingawa skrini ilionyesha asilimia 95, ramani inayobadilika kila unapoanza upya: yote hayo ni kazi ya nasibu. Katika gemu, nasibu ni uamuzi wowote ambao programu inaufanya kwa kuchukua namba ambayo mchezaji hawezi kuitabiri, kisha kuilinganisha na kiwango kilichowekwa. Ukiwa na nafasi ya asilimia 30 ya kupiga, gemu inachukua namba kati ya 0 na 99. Ikitoka chini ya 30, umepiga. Ikitoka 30 au zaidi, umekosa.

Hesabu yenyewe ni hiyo tu. Penye utata ni mahali pawili: namba inatoka wapi, na je, asilimia uliyoonyeshwa ndiyo iliyotumika? Jibu la swali la pili mara nyingi ni hapana, tena kwa makusudi.

Mbegu na mfuatano

Kompyuta haijui kubahatisha, inajua kukokotoa. Kwa hiyo gemu nyingi hutumia namba za nasibu bandia, yaani mfuatano unaozalishwa kwa kanuni, kila namba ikizaa inayoifuata. Ile ya kuanzia huitwa mbegu. Chukua kanuni hii ndogo: zidisha namba uliyonayo kwa 5, jumlisha 3, gawanya kwa 16, kisha ubaki na baki. Ukianza na mbegu 7 utapata 6, 1, 8, 11, 10, 5, 12, 15, 14, 9, 0, 3, 2, 13, 4, halafu 7 tena, na mzunguko unarudi mwanzo. Asiyeijua kanuni ataona vurugu. Anayeijua ataandika orodha nzima kabla gemu haijaanza. Pokémon Emerald ya mwaka 2004 inatumia kanuni ya ukoo huohuo, ila inazidisha kwa 1,103,515,245, inajumlisha 24,691, na inapitia namba 4,294,967,296 kabla ya kujirudia.

Itazame tena orodha yetu ndogo. 7, 6, 1, 8, 11, 10: witiri, shufwa, witiri, shufwa, bila kukosea hata mara moja hadi mwisho. Mtengenezaji akiandika kwamba shufwa ni pigo na witiri ni kukosa, adui wake atapiga na kukosa kwa zamu, na wachezaji watagundua mapema sana. Tatizo hili halitoweki kwa kutumia namba kubwa zaidi. Katika kanuni za aina hii zenye kigawanyo kama 16 au 4,294,967,296, ni tarakimu za mwisho, kwa mfumo wa jozi (wa 0 na 1 tu), ndizo dhaifu, kwa hiyo wenye uzoefu huchukua sehemu ya juu ya namba na kuitupa ya chini.

DOOM ya mwaka 1993 haikokotoi hata kidogo. Ndani yake kuna jedwali la namba 256 zilizoandikwa tayari, likianza na 0, 8, 109, 220, 222. Kila nasibu inapohitajika kielekezi kinasogea hatua moja, na kikifika mwisho kinarudi mwanzo. Bastola inachukua namba iliyopatikana, inaigawanya kwa 3, inaongeza 1 kwenye baki, inazidisha kwa 5; ndiyo maana risasi yake hudhuru kwa 5, 10 au 15 na si vinginevyo. Vielekezi viko viwili: kimoja cha mambo yanayoathiri mchezo, kingine cha mapambo na mengineyo. Sababu ni kwamba rekodi za DOOM hazihifadhi picha, zinahifadhi amri za mchezaji tu, kisha mchezo unachezwa upya kutokana na amri hizo. Pambo moja likiazima namba kwenye foleni ya mapigano, kila kinachofuata kinapishana na rekodi, na askari anaishia kugonga kuta huku akipiga risasi hewani.

Kujirudia huku, ambako kwa mtazamo wa haraka ni kasoro, ndiko kunakoleta manufaa mengi. Wachezaji wawili wa Minecraft wakiingiza mbegu ileile katika toleo lilelile watapata milima na mapango yaleyale. Mtengenezaji akiletewa ripoti ya hitilafu pamoja na mbegu, anaizalisha hitilafu hiyo mezani kwake badala ya kuisubiri itokee tena. Upande wa pili, mchezaji mjanja naye anafaidika. Emerald huanza na mbegu 0 kila inapowashwa, na mfuatano husogea karibu hatua 60 kwa sekunde, kwa hiyo mtu mwenye saa ya kuhesabu na kidole chepesi anaweza kubonyeza kitufe katika fremu (picha moja kati ya zile karibu 60 za kila sekunde) aliyoichagua na kumpata kiumbe wa Pokémon mwenye sifa anazozitaka. Hapo hakuna bahati tena, kuna mazoezi ya kidole.

Makosa ya kukadiria

Kosa linalojirudia zaidi katika gemu za wanaoanza ni la baki. Una baiti, yaani namba kati ya 0 na 255, na unataka namba kati ya 0 na 99. Njia ya mkato ni kugawanya kwa 100 na kuchukua baki. Lakini 256 haigawanyiki sawasawa kwa 100: namba 0 hadi 55 zinapata njia tatu za kutokea, na 56 hadi 99 zinapata mbili tu. Tukio uliloliwekea asilimia 10 litatokea mara 30 kati ya 256, yaani asilimia 11.7. Dawa yake ni kuzitupa namba kuanzia 200 na kuchukua nyingine, au kutumia chanzo chenye namba kubwa kiasi kwamba tofauti haionekani.

Lingine ni la mpakani. Katika Pokémon Red na Green za mwaka 1996, shambulio lenye uhakika wa asilimia 100 lilihifadhiwa kama 255. Gemu ilichukua namba kati ya 0 na 255, na shambulio likafaulu iwapo namba hiyo ilikuwa ndogo kuliko 255. Ikitoka 255 yenyewe, umekosa. Mara 1 kati ya 256, pigo la uhakika lilipita hewani, kwa sababu tu ya kuandika "chini ya" mahali palipohitaji "chini ya au sawa na".

Kwa nini ukweli hauaminiki

Hata hesabu ikiwa sahihi kabisa, wachezaji watalalamika kwamba gemu inawaonea. Kitu chenye nafasi ya asilimia 1, ukiua maadui 100, watu wengi hudhani lazima kiwe kimeshadondoka. Uwezekano wa kutokipata hata kimoja ni 0.99 ikizidishwa kwa yenyewe mara 100, yaani karibu asilimia 36.6: zaidi ya mchezaji mmoja kati ya watatu anaondoka mikono mitupu. Kufikia uhakika wa asilimia 90 kunahitaji maadui 230, na asilimia 99 maadui 459. Nasibu halisi haina kumbukumbu. Haijui kwamba umeteseka.

Hapo ndipo upishi unapoanza. Mfululizo wa Fire Emblem, kuanzia The Binding Blade ya mwaka 2002, ulichukua namba mbili kati ya 0 na 99 na kutumia wastani wake. Wastani wa namba mbili hukusanyika katikati, kwa hiyo viwango vya juu vinapanda na vya chini vinashuka. Skrini ikisema 90, nafasi halisi ni 98.1. Ikisema 75 ni 87.75. Adui mwenye 20 ana 8.2 tu. Huo ni uongo, lakini uongo unaomridhisha mchezaji, kwa kuwa watu husoma 90 kama "hakika" na 20 kama "haiwezekani". Kwa maoni yangu unafaa katika gemu ambayo mhusika akifa harudi. Haufai katika mashindano, ambako kila upande una haki ya kujua namba halisi.

Njia ya pili ni kuongeza nafasi kila unapokosa. Warcraft III iliutumia mtindo huo, na Dota 2 ikaurithi. Uwezo ulioandikwa asilimia 25 hauanzii 25. Unaanzia takribani 8.5 katika pigo la kwanza, 17 katika la pili, 25.4 katika la tatu, na kuendelea hivyo hadi utokee, kisha unarudi 8.5. Kufikia pigo la 12 hauna jinsi ila kutokea. Kwa wastani bado ni mara moja katika kila mapigo manne, ila mfululizo mrefu wa bahati au mkosi unakuwa nadra. Lakini mtindo huu una mlango wa nyuma: mchezaji anaweza kumpiga kiumbe dhaifu mara kadhaa bila uwezo huo kutokea, kisha akamgeukia shujaa wa adui nafasi ikiwa tayari imepanda.

Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka, imepitia njia mbili nyingine. Toleo la NES (mashine ya gemu ya Nintendo) la mwaka 1989 lilichagua namba moja kati ya nane. Ikitoka ya nane, au kipande kilekile kilichotangulia, linachagua mara moja tena kati ya saba na kukubali litakalotoka. Hilo linapunguza marudio tu. Halizuii ukame, na kipande kirefu kinaweza kukosekana kwa muda wowote ule. Matoleo ya kisasa hutumia mfuko: vipande vyote saba vinachanganywa, vinatolewa hadi viishe, ndipo mfuko mpya unachanganywa. Kati ya kipande kirefu na kirefu kinachofuata hakuwezi kupita vipande zaidi ya 12, kwani hali mbaya kabisa ni kuja wa kwanza katika mfuko mmoja na wa mwisho katika unaofuata. Mchezaji mzuri hupanga rundo lake akijua hilo.

Kabla ya uamuzi au baada yake

Jambo ambalo wabunifu wengi hulipa uzito kuliko asilimia zenyewe ni mahali nasibu inapoingia. Ikija kabla hujaamua, kama ramani mpya au karata ulizogawiwa, inakupa tatizo la kutatua. Ikija baada ya kuamua, kama risasi inayoweza kukosa, inaamua kama mpango wako mzuri utafaulu. Slay the Spire huchanganya karata zako kwa nasibu, lakini huonyesha adui anakusudia kufanya nini kabla hujacheza zamu yako. Ukishindwa, mara nyingi unaweza kuonyesha kosa lilipo. XCOM: Enemy Unknown ya mwaka 2012 imesimama upande wa pili: unapanga, unafyatua, unasubiri. Zote mbili ni gemu nzuri, ila hasira zinazoachwa na ile ya pili ni za aina nyingine.

XCOM hiyohiyo inahifadhi mbegu pamoja na mchezo. Ukikosa shabaha, ukafungua upya faili uliyohifadhi na kurudia hatua ileile, utakosa tena. Ukibadilisha mpangilio, kwa mfano askari mwingine akatangulia kufyatua, yeye ndiye anayekula ile namba mbaya. Bila ulinzi huo, asilimia 30 hugeuka kuwa suala la subira: fungua, jaribu, fungua, jaribu.

Nasibu inapolipiwa

Pesa ikiingia, namba zinapaswa kusomwa kwa makini zaidi. Genshin Impact ya mwaka 2020 hutaja nafasi ya asilimia 0.6 ya kupata mhusika wa nyota tano, dhamana ya kumpata kufikia jaribio la 90, na wastani wa asilimia 1.6 ukijumuisha dhamana hiyo. Fanya hesabu. Kwa 0.6 peke yake, asilimia 58 ya watu wangemaliza majaribio 90 bila kitu. Ukiongeza dhamana ya mwisho tu, wastani unafika karibu 1.43, haufiki 1.6. Kwa hiyo lazima nafasi inapanda mahali fulani kabla ya jaribio la 90, hata kama ubao wa matangazo hausemi ni wapi. China iliwalazimisha wachapishaji kutangaza viwango kuanzia tarehe 1 Mei 2017, na mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya zawadi ya kulipia yanavunja sheria ya kamari.

Kupima

Anayetengeneza gemu asiamini macho. Andika jaribio linaloita nasibu mara 10,000 kwa tukio la asilimia 10 na uhesabu matokeo. Yanapaswa kuwa karibu 1,000, na katika majaribio 95 kati ya 100 hayatatoka nje ya 940 na 1,060. Ukipata 1,170, kagua baki. Ukipata jibu lilelile kila unaporudia jaribio, nasibu yako imekwama kwenye mbegu moja. Tenganisha mifuatano: ramani na mbegu yake, mapigano na yake, mapambo na yake. Katika gemu ya mtandaoni, seva ndiyo ichague namba, kamwe si kompyuta ya mchezaji.

Mchezaji anayeshuku naye anahitaji sampuli kubwa kuliko anavyodhani. Mishale 20 yenye asilimia 80, ikapiga 13 tu, si ushahidi wa chochote. Hali hiyo au mbaya zaidi hutokea karibu mara moja katika kila raundi 12. Andika 500, pamoja na zile zilizopiga, kwa sababu zilizokosa ndizo kichwa hukumbuka chenyewe.