Kusoma sheria chuo cha serikali: yanayosemwa Tanga na ukweli wake

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, wazazi wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni huanza kupita kwa mawakili wanaowafahamu. Mtoto kafaulu, anataka sheria. Apelekwe chuo cha serikali au cha binafsi? Wengi huja na jibu walilokwisha kupewa barazani, wanataka tu kuthibitishiwa. Jambo hili linaniuma, kwa sababu majibu ya barazani yamewapotezea miaka vijana wenye akili nzuri kabisa.

"Sheria ya kweli inasomwa Mlimani tu"

Heshima ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, haikuokotwa. Chuo chenyewe kilianza na kitivo cha sheria, Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alisomea shahada yake ya kwanza pale. Profesa Ibrahim Juma alifundisha pale kabla ya kuwa Jaji Mkuu wetu. Anayesoma Mlimani anapata maktaba kubwa, walimu waliobobea, na wenzake ambao baadaye atawakuta mahakamani, wizarani na kwenye mabenki. Hiyo ni faida halisi.

Lakini shahada ya Mlimani haimfanyi mtu wakili, wala ya Mzumbe, ya Dodoma, au ya chuo binafsi chenye ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu. Wote hupita mlango mmoja: Shule ya Sheria, yenye mafunzo ya lazima kabla ya uwakili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mwaka 2022 matokeo yake yalitikisa nchi. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. 342 walipata sapu, yaani kurudia mitihani, na 265 wakadisko, yaani wakaondolewa masomoni. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Watahiniwa wale walitoka vyuo vya serikali na vya binafsi. Jina la chuo peke yake halikutosha.

"Cha serikali ni bei chee"

Ada yake mara nyingi iko chini, ni kweli. Ila kijana wa Tanga akienda Dar es Salaam anahitaji pa kulala, nauli, chakula na pesa ya kutoa kopi. Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa Mlimani mwaka 2017, zinachukua wanafunzi 3,840. Wengi hukosa nafasi ya hosteli, nao hupanga Msewe, Changanyikeni au Sinza. Wapo pia wanaoamini kwamba mkopo wa Bodi ya Mikopo hutolewa kwa vyuo vya serikali tu. Si kweli. Bodi huangalia uhitaji wa mwanafunzi na kozi anayosoma, awe chuo cha serikali au cha binafsi. Tatizo ni kwamba sheria haimo katika kozi za kipaumbele cha juu, kwa hiyo usipange ukitegemea atapewa asilimia mia. Akishaajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe.

"Akishapata nafasi, chuo kitamlea"

Hapa namwomba mzazi akae kitako. Ubaya mkubwa wa chuo kikubwa cha umma ni umati. Ukumbi umejaa, aliye nyuma anasikia nusu, na mwishowe kijana anaishi kwa desa, yaani notisi za kukariri, za waliomtangulia.

Chukua swali la kawaida la mtihani. Bwana mmoja wa Pongwe ameuza kiwanja kimoja chenye nyumba kwa watu wawili, mkewe hakushirikishwa, na mnunuzi wa pili ndiye aliyewahi kuhamia. Mshauri mnunuzi wa kwanza. Kijana wa desa ataandika kurasa tatu za maana ya mkataba. Aliyefundwa ataanza kwa kuuliza kama ardhi hiyo ni ya kijiji, maana Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, hazina utaratibu mmoja. Je, nyumba hiyo ndiyo wanayoishi wanandoa? Kama ndiyo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mke. Na muuzaji, akishauza mara ya kwanza, alibaki na nini cha kumuuzia wa pili? Baada ya hapo anatafuta hukumu za Mahakama ya Rufani, ndipo anathubutu kutoa ushauri.

Ujuzi huo haupatikani kwa kusikiliza. Unaandika, mwalimu anakukata kwa wino mwekundu, unaandika tena. Katika seminari, yaani darasa la majadiliano, ya watu kumi na watano inawezekana. Ya watu sitini, hapana. Vyuo binafsi vyenye madarasa madogo hushinda hapa, ingawa vipo vinavyojaza watu kwa ajili ya ada. Ulizia kabla ya kuthibitisha nafasi: seminari ina watu wangapi, na nani anasahihisha kazi zao?

Kuna na suala la Kiingereza. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, watu wakadhani vyuo navyo vimehama. Bado mihadhara na mitihani ni kwa Kiingereza, na hukumu nyingi za zamani ni hivyo hivyo. Wakati anasubiri chuo, kijana aingie tovuti ya TanzLII, ambako hukumu za mahakama zetu zinasomwa bure, asome moja moja na kuifupisha kwa maneno yake.

"Chuo Huria na Lushoto ni vya walioshindwa"

Maneno haya yananiudhi. Vyote viwili ni vya umma, na kimoja kimo mkoani mwetu. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kina kituo Tanga, na shahada yake ya sheria inampeleka mtu Shule ya Sheria kama nyingine. Kwa mwalimu au karani asiyeweza kuacha kazi, hakuna njia nzuri zaidi, mradi aweze kujisukuma mwenyewe. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto hutoa astashahada na stashahada ya sheria. Mwenye stashahada yenye wastani wa alama (GPA) wa 3.0 anaweza kuomba shahada. Stashahada peke yake, hata hivyo, haimfikishi mtu kwenye uwakili.

"Mtandaoni wanasema mkazi hupunguziwa ada"

Huo ni ushauri wa Marekani, ambako vyuo vya umma hutoza ada ndogo kwa wakazi wa jimbo husika, na sheria husomwa baada ya shahada nyingine. Kwetu mtoto wa Tanga hulipa sawa na wa Kagera, na huingia sheria moja kwa moja kutoka kidato cha sita.

"Mahafali ya shahada ndiyo mwisho wa kutoa hela"

Shule ya Sheria ina ada yake, na ni mwaka mwingine wa kupanga Dar es Salaam. Fungu hilo lianze kuwekwa akiwa mwaka wa kwanza.