Mwanao ana miezi mingapi?

Januari ikifika simu yangu haitulii. Wenye vituo vya kulelea watoto wanauliza, wazazi wanauliza, na swali ni lile lile: mtoto wa miaka miwili akae darasa gani? Nami huuliza kwanza: ana miezi mingapi? Wapo wanaodhani najitia ujuaji.

Hebu tupige hesabu. Aliyetimiza miaka miwili wiki iliyopita ana miezi 24. Anayekaribia kutimiza mitatu ana miezi 35. Kwenye daftari la mahudhurio wote wameandikwa "miaka 2", lakini miezi 11 iliyo kati yao ni karibu nusu ya umri wote aliokwisha kuishi huyo mdogo. Kwa hesabu hiyo, ni kama kumchukua mtu wa miaka 30 na wa miaka 44 ukasema hawa ni rika moja. Mdogo bado anasema "mama maji" na umeshamwelewa. Mkubwa anakuuliza mbona anti hajaja, na ukimjibu anauliza tena.

Mimi nilijifunza hili kwa kuharibu. Zamani, kabla sijaanza kufundisha walezi, nilikabidhiwa bebi klasi ya kituo kimoja hapa Dar es Salaam. Watoto 16 wa "miaka miwili", mimi na anti mmoja. Wiki ya pili mtoto akang'atwa mkononi, alama za meno zimejipanga kama nusu ya kizibo cha soda. Mama yake alipokuja jioni sikuwa na la kusema. Nikamwita aliyeng'ata mtundu, nikamkalisha pembeni, na kesho yake akang'ata mwingine.

Ndipo nikachukua karatasi, nikawa naandika kila kilio: nani, saa ngapi, alikuwa ameshika nini. Siku nne zilitosha. Vilio vilijazana kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu, na karibu vyote vilianza kwenye kapu la vikopo. Wakubwa walikuwa wanajenga mnara, wadogo wanaubomoa. Mkubwa akisema "acha", mdogo hana neno la kumrudishia. Ana meno.

Tena wadogo walikuwa na usingizi. Ratiba yetu iliweka kulala saa saba, na wale wanaoamshwa saa kumi na moja alfajiri ili mama awahi daladala hawafiki huko. Hapo niseme ukweli, umri peke yake haukuwa kosa lote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unampa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, ukiwemo wa mchana, na wa miaka 3 na 4 saa 10 hadi 13. Mtoto aliyekatizwa usiku lazima azidai saa zake mchana, nawe ukimnyima utazilipa kwa kelele.

Nikabadilisha mambo mawili tu. Wadogo wakalala saa tano, na kapu likawa makapu mawili yenye vikopo vya namna moja. Hilo la pili si uvumbuzi wangu. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alieleza namna watoto wadogo wanavyocheza ubavu kwa ubavu, kila mmoja na lake, kabla hawajaweza kucheza pamoja kwa kugawana kazi. Mtoto wa miezi 25 ukimwambia "cheza na mwenzako, mpe na yeye" unamdai asichokuwa nacho bado. Mpe kopo lake.

Sasa wazazi waliosoma kidogo hunibana hapa: mbona shule za Montessori, zile zinazofuata njia ya Maria Montessori wa Italia, wanachanganya umri? Ni kweli, wanachanganya. Lakini ile nyumba ya watoto aliyoifungua Maria Montessori huko Roma mwezi Januari 1907 ndiyo iliyozaa darasa la miaka mitatu hadi sita, na watoto wa chini ya hapo hupewa chumba chao. Kumtaja Montessori ili kuhalalisha chumba kimoja chenye anayetambaa, anayesimama dede na anayejifunza kuandika jina lake, huko ni kumsingizia. Aliye chini ya miaka mitatu bado anapima dunia kwa mdomo. Shanga, kokwa za ukwaju, vifuniko vya chupa, vitu ambavyo mwalimu wa wakubwa anavitaka mezani, kwake ni hatari ya kupaliwa.

Hata hivyo kuchanganya nakupenda, kwa saa yake. Uani kwetu watoto wamelelewa hivyo siku zote, mkubwa anamchunga mdogo. Saa tisa alasiri, wengine wakishafuatwa, mimi huwatoa wote kwenye mchanga. Nimemwona wa miaka mitatu na nusu amechuchumaa mbele ya mdogo, amemkunjia vidole kimoja kimoja kwenye kikombe: "Shika hivi. Na hiki. Usimwage." Mimi nilikuwa nimehangaika na kikombe hicho wiki nzima.

Kwa hiyo nikipanga, chini ya miaka mitatu nakata kwa miezi: wasiofika 18, wa 18 hadi 30 hivi, kisha waliobaki. Kituo chenye chumba kimoja kinaweza kukata kwa mkeka na rafu fupi. Na sihamishi wote Januari. Mtoto anahama akiwa tayari, ikiwezekana na rafiki yake, baada ya kwenda kutembelea darasa jipya asubuhi chache. Nikipata nafasi, mwalimu hupanda nao, maana kwa umri huu darasa ni yule mtu wanayemkimbilia wakianguka. Nepi kamwe haiwi kigezo. Vituo vinavyombakisha mtoto nyuma kwa sababu bado anavaa pampasi vinamwadhibu kwa kibofu chake.

Mama mmoja alininunia kwa hilo la miezi. Mwanawe alikuwa na miezi 25, wa jirani yake 33, wamezoea kuja pamoja kwenye bajaji moja, na mimi nikawatenganisha mlangoni. "Sasa mtaani watasema wangu amerudishwa," akaniambia. Nikamwomba akae nusu saa kwenye kiti cha pembeni, aangalie. Alipoondoka hakuniambia kitu, ila kesho yake alimleta mtoto akiwa na kamto kadogo ka kulalia, akaniuliza kale ka saa tano akaweke wapi.