Shule za makanisa Marekani: kisa cha maombi ni nusu tu

Kila nikiongea kuhusu shule binafsi za Waprotestanti wenye msimamo mkali kule Marekani, naambiwa zilianza kwa sababu serikali iliondoa maombi shuleni. Ni kweli 1962 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku maombi yanayopangwa na shule za umma, 1963 ikapiga marufuku pia usomaji wa Biblia wa asubuhi unaopangwa na shule hizo. Wazazi wengi iliwauma kabisa, siwabishii.

Ila nimeisoma historia hii miaka mingi, na ukiangalia majimbo ya kusini shule nyingi zilichipuka kwa weupe waliokwepa kuchanganywa, pale mahakama ilipoamua mwisho wa 1969 kwamba watoto weusi na weupe wasome pamoja sasa hivi, bila kuzungushana tena. Njia ilikuwa imeshaonyeshwa na kaunti ya Prince Edward, Virginia, ambayo 1959 ilifunga shule zake zote za umma kwa miaka 5, weupe wakafungua ya kwao binafsi na kwa muda jimbo likawasaidia ada, watoto weusi wengi wakabaki nyumbani, yaani kuna waliokosa shule kwa miaka. Hilo linaniumiza mpaka leo.

Halafu kodi. 1978 mamlaka ya kodi ilitaka shule binafsi zithibitishe kwamba hazibagui la sivyo zinapoteza msamaha wa kodi, wachungaji wakawaka, na hasira ile ndo iliwaingiza wengi kwenye siasa.

Na kufungua shule kulikuwa rahisi manake toka 1970 kuna mtaala wa Kikristo wa ACE (Accelerated Christian Education) ulioanzia Texas, mtoto anakaa kwenye kijimeza chenye kuta pembeni, anajaza kijitabu mwenyewe, akikwama anasimamisha kibendera msimamizi aje. Kanisa dogo lisilo na walimu likawa na shule, na mtaala huo umefika mpaka Kenya. Mimi siupendi, mtoto anakariri jibu la kujaza bila kubishana na mwenzake.

Sasa hivi pesa ya umma yenyewe inazifuata shule hizi. Arizona 2022 ilifungulia wanafunzi wote fedha za kulipia shule binafsi, za dini zikiwemo, na shule ya umma inalipwa kwa idadi ya vichwa, kwa hiyo wakiondoka watoto 10 kutoka madarasa tofauti pesa yao inaondoka, lakini mwalimu, basi na paa linalovuja vinabaki na gharama ileile.