Huhitaji kununua chochote ili uanze kupunguza taka

"Naomba orodha ya vitu vya kununua ili tuanze kupunguza taka nyumbani." Ombi hili nalisikia karibu kwa kila familia ninayoishauri, na jibu langu ni lilelile: orodha hiyo haipo. Wengine huja wakiwa wameshajichagulia chupa za chuma, makopo ya glasi ya kuhifadhia nafaka, mirija ya mianzi na mifuko ya pamba. Wiki hiyohiyo vyombo vya plastiki vilivyokuwa kabatini, vizima kabisa, vinaingia kwenye pipa. Taka za nyumba hiyo zimeongezeka, tena kwa gharama.

Hiyo ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba ukishabadilisha aina ya vitu unavyonunua, taka zitapungua zenyewe. Kinachozipunguza ni kununua vichache na kutumia ulivyonavyo mpaka viishe. Kila bidhaa mpya, hata iliyoandikwa "rafiki wa mazingira", imekula maji, nishati na malighafi kabla ya kukufikia, na taka zake za kiwandani hutaziona.

Chukua mfuko wa pamba, ambao watu hunionyesha kwa fahari. Mwaka 2018 mamlaka ya mazingira ya Denmark ilichapisha uchambuzi wa mifuko ya kubebea bidhaa. Kwa upande wa tabianchi peke yake, mfuko wa pamba ya kawaida ulipaswa kutumika angalau mara 52 ndipo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki uliobebea bidhaa mara moja, kisha ukatandikwa kwenye pipa la taka. Athari nyingine zote walizopima zikizingatiwa, idadi ilifika mara 7,100. Uchambuzi huo haukuhesabu plastiki inayozagaa na kuishia baharini, na hilo ni tatizo zito, kwa hiyo sikushauri urudi kwenye mifuko ya plastiki. Ninachosema ni kwamba mwenye mfuko mmoja anaoubeba kila siku mpaka uchanike yuko sahihi, na mwenye lundo la mifuko ya pamba nyuma ya mlango hajaokoa kitu.

Basi fanya hivi. Kabla ya kwenda dukani, fungua friji na kabati, uvipige picha kwa simu. Orodha ya manunuzi iandikwe baada ya hapo, ikianzia kwenye kile kinachokaribia kuharibika: kama kuna nyanya zilizoanza kulainika, mlo wa leo ni wa nyanya, na unachonunua ni cha kuzisindikiza. Kitu kisicho chakula kiandike pembeni, usubiri wiki mbili. Vingi utavifuta mwenyewe. Ushauri huu huwa unapokelewa kwa unyonge kwa sababu hauna cha kubeba kwenda nacho nyumbani, lakini sina mwingine unaoufikia.

Yapo mengine ninayoulizwa. Je, kununua kwa wingi wakati wa ofa kunapunguza taka? Kwa sabuni, chumvi na mchele, ndiyo, kama una mahali pakavu pa kuhifadhi. Kwa maziwa na mboga za majani, hapana. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria katika ripoti yake ya 2024 kwamba tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani mwaka 2022, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Chakula hicho kikifukiwa dampo pasipo hewa hutoa gesi ya methani, ambayo katika kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi.

Pembetatu ya mishale yenye namba, chini ya chupa au kopo, haikuahidi kwamba kitarejelezwa. Namba hiyo inataja aina ya plastiki tu. Katika taka zote za plastiki zilizokuwa zimezalishwa duniani hadi 2015, takribani asilimia 9 ndizo zilizorejelezwa.

Vikombe vya "plastiki inayooza" navyo, vile vya PLA (plastiki itokanayo na mimea kama mahindi), vinahitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 60 hivi. Kwenye shimo la bustani vitakaa miaka.

Na tafadhali, acheni kutupa chakula kwa kutazama tarehe bila kusoma maneno yanayoiandama. "Bora kabla ya" ni ya ubora: tambi au biskuti zilizohifadhiwa vizuri bado zinalika tarehe ikishapita. "Tumia kabla ya", kwenye nyama, samaki na vinavyoharibika haraka, ni ya usalama, na hiyo iheshimuni hata kama chakula hakinuki. Ukiona hutaiwahi, weka nyama kwenye friza kabla siku hiyo haijaisha. Kesho yake umeshachelewa.