Boti ya fiba haiozi, kinachooza ni mbao iliyo tumboni mwake

Mtu akiniletea boti kuukuu ya fiba, mara nyingi anataka tuanze na rangi. Jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, imepauka, ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe, ubavuni kuna michubuko ya kugonga gati. Mimi hapo naomba nyundo ya plastiki na kuzunguka nyuma, kwenye tezi, pale inapofungwa mashine. Rangi itasubiri.

Fiba ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na resini, na haiozi. Boti nyingi za miaka ya 1960 ziliundwa na mafundi ambao bado hawakuiamini sana bidhaa ile mpya, wakaweka tabaka juu ya tabaka, na maganda yake mpaka leo ni manene. Lakini ndani ya ganda walizika mbao: plaiwudi kwenye tezi, mihimili chini ya sakafu, sakafu yenyewe, na kwenye baadhi ya sitaha vipande vya balsa, mbao nyepesi sana. Mbao ikishavikwa fiba haionekani, na kisichoonekana kikasahaulika. Halafu akaja mwenye boti na drili yake.

Chukua mfano wa kipima kina. Mtu ananunua kifaa chake, anapiga skrubu nne kwenye tezi, chini ya mstari wa maji, anakaza, anakwenda kuvua. Zile skrubu nne ni milango minne ya maji. Mlango wa tano ulikuwepo tangu kiwandani: tundu la kizibo cha ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, ambalo mara nyingi ni bomba jembamba la shaba lililopitishwa kwenye plaiwudi mbichi. Waliosema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, hawakuwa wakiwaza plaiwudi, lakini maji ya ndani ya boti huitii methali hiyo neno kwa neno. Yote huteremka ngamani, na huko huko chini ndiko kwenye matundu.

Kupima hakuhitaji kifaa cha bei kubwa. Nagonga tezi kila baada ya upana wa vidole vinne, kuanzia juu nikishuka. Mbao nzima hujibu ko, ko, ko, na nyundo inaruka. Ukifika palipooza sauti inakuwa pu, na nyundo inatulia mkononi. Nazungusha duara kwa penseli kila inapobadilika. Kisha namwambia mtu aegemee mashine iliyoinuliwa, aitikise juu na chini, mimi nikiangalia kama tezi inapinda. Mwisho natoboa tundu dogo kutoka upande wa ndani, karibu na chini, na kuutazama ule unga unaotoka na drili. Ukiwa mkavu na mweupe-mweupe, nashukuru na kuliziba tundu kwa epoksi, resini inayochanganywa na kigumishi chake. Ukitoka mweusi, umelowa na unanuka tope, hakuna mjadala tena.

Yapo mapishi ya kuiponya mbao iliyooza bila kuitoa: toboa matundu mengi, mimina epoksi nyepesi, omba Mungu. Siyafanyi. Mbao iliyolowa haimnywi mgeni, na ile epoksi inakwenda palipo pakavu, mahali pasipokuwa na ugonjwa.

Kwa hiyo tunafungua. Mashine inashuka, boti inakaa kwenye trela ikiwa imeegemezwa sawasawa chini kote. Hili la kuegemeza lisipuuzwe, hasa ukifika kwenye mihimili: ukiitoa huku boti imekaa kwenye sehemu mbili tu, chini patapinda kidogo, fiba mpya itakaukia pale pale, na boti haitakimbia sawa tena maisha yake yote. Mimi hutoa mhimili mmoja, narudisha mpya, ndipo naugusa wa pili.

Kwenye tezi nakata ganda la ndani tu, nikiacha ukingo wa kama sentimita 6 kuzunguka, na ganda la nje linabaki zima kuwa kalibu. Plaiwudi iliyooza inatoka kwa patasi na, kusema kweli, wakati mwingine kwa mkono. Kabla ya kutupa chochote pima unene wa jumla. Mashine nyingi za nje zinataka tezi ya milimita 38 hadi 50, na ukizidisha vibano vya mashine havitaingia. Narudisha plaiwudi ya baharini, tabaka mbili zilizogundishwa, kingo zote zimepakwa epoksi mara tatu, kwa sababu kingo ndizo zinazokunywa maji. Gundi yenyewe ni epoksi iliyokorogwa na unga wa kuifanya nzito, kiasi kwamba ukigeuza mwiko haidondoki. Usikaze vibano kwa hasira. Ukiona gundi yote imetoka pembeni, ndani umebakiza mbao mbili zinazotazamana tu.

Kazi yangu ya kwanza ya tezi niliiharibu. Mbao niliifunga vizuri, lakini nilibandika mkeka wa fiba kwa resini ya poliesta juu ya fiba ya zamani niliyoipitishia msasa harakaharaka. Ilipendeza. Baada ya miezi kadhaa mwenyewe akairudisha, akanionyesha ufa mwembamba ukingoni. Nikaingiza bisibisi, nikapindua, kipande kizima kikabanduka. Upande wake wa chini ulikuwa unang'aa kama kigae. Haukushika hata unywele mmoja wa fiba ya zamani.

Poliesta mpya haiungani kikemia na ile iliyokauka miaka 40 iliyopita. Inashika kwa meno tu, na mimi sikuwa nimeyachonga hayo meno. Siku hizi nasaga kwa grainda mpaka nyuzi zionekane, na kingo nazilaza kwa uwiano wa 12 kwa 1: fiba ya milimita 5 naichonga mteremko wa milimita 60. Nabandika kwa epoksi, ambayo hushika fiba kuukuu vizuri zaidi, na natumia kitambaa kilichoshonwa badala ya mkeka wa kawaida, maana gundi inayoshikilia nyuzi za mkeka ule imetengenezwa iyeyuke kwenye poliesta, si kwenye epoksi. Vumbi lake usilivute: barakoa yenye chujio, miwani, mikono mirefu. Anayesema haliwashi hajalala nalo.

Kuna kosa moja linalofanywa hata na mafundi wazoefu. Poliesta unaweza kuipunguzia au kuiongezea kichocheo kidogo, asilimia 1 hadi 2, kulingana na joto la siku. Epoksi haina uhuru huo. Uwiano ulioandikwa kwenye kopo ndio huo huo. Ukizidisha hadina, yaani kigumishi, ili ikauke upesi, itabaki laini kama raba. Wala usiiache imejaa kwenye kopo ukienda kupokea simu, itajichemsha yenyewe mpaka itoe moshi. Imwage kwenye sinia pana. Ikikauka, kabla ya msasa, ioshe kwa maji na kisugulio cha kukwaruza, kwa sababu huacha utando wa nta juu yake, na msasa unausukuma tu ndani.

Malengelenge ya chini ya boti yanawatisha watu kuliko yanavyostahili. Ukiyapasua hutoka majimaji yenye harufu kama ya siki. Yafungue, osha, acha pakauke kwa wiki kadhaa, jaza epoksi. Nyufa za jelikoti zinazosambaa kama utando wa buibui kutoka kwenye kishikio cha kamba ni habari nyingine: kwanza jua kwa nini hapo panapinda.

Povu gumu lililo chini ya sakafu nalo lichungulie. Likiwa kavu lina uzito wa kama kilo 32 kwa mita moja ya ujazo, na likilowa linabeba maji usiyoweza kuyakausha. Boti iliyokuwa ikiinuka upesi sasa inajikokota, mwenyewe analaumu mashine. Na tangi la alumini lililozikwa kwenye povu hilo huliwa upande wa chini, usioonekana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutua ngamani, kwa hiyo boti yenye injini ndani iwashie feni ya ngama dakika 4 nzima kabla hujagusa ufunguo.

Matengenezo ya baada ya hapo ni kulinda matundu. Kila skrubu inayopita kwenye mbao: toboa tundu kubwa kuliko unalohitaji, lijaze epoksi, ikikauka toboa tena katikati yake. Silikoni sitaki kuiona karibu na boti, ikishapakwa mahali hata rangi inapakimbia. Ukimaliza safari, inua omo, yaani mbele, toa kizibo, acha ngama ijimwage. Changu nakifunga kwa uzi kwenye ufunguo wa mashine. Nimewahi kushusha boti majini kikiwa mfukoni.